Mwongozo kamili: kutengeneza tovuti ndogo ambayo haifi mwaka wa pili

Meseji ninayopata ni ile ile kila mwezi, majina tu ndo yanabadilika. "Kaka tovuti yetu haifunguki na aliyetutengenezea hapokei simu." Nikicheki nakuta moja kati ya vitu vitatu: domeini imeisha muda, hostingi haijalipiwa, au WordPress (programu ya kujengea na kuendeshea tovuti) imekaa miaka miwili haijaguswa na saivi ukurasa wa mbele unatangaza kasino. Kujenga tovuti ya kurasa nne ni kazi ya wikiendi moja, watu wengi wanaiweza, shida inaanza miezi kumi na minne baadaye.

Kwa hiyo hapa ntaenda hatua kwa hatua, ila nguvu kubwa naiweka pale ambapo watu wanaanguka. Ni kwa tovuti ndogo tu: duka, shule, saluni, gesti, kikundi, kanisa, msikiti. Kama unajenga soko la mtandaoni lenye bidhaa elfu tano, huu sio mwongozo wako.

## Vitu vya kuandaa kabla hujagusa kompyuta

- Imeili mpya ya biashara. Gmail inatosha. Isiwe yako wewe fundi wala ya mtoto wa bosi anayesoma chuo. Iwe ya biashara, na mwenye biashara awe na paswedi yake.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwenye biashara. Namba za uthibitisho zitakuja huko.
- Kaunta buku moja. Ndio, daftari la karatasi, nisikilize ntaeleza.
- Flashi ya GB 16 au zaidi, mpya, isiwe ile ya kuhamishia nyimbo.
- Maandishi yote ya kurasa, yakiwa yameshaandikwa.
- Picha nane mpaka kumi na mbili za sehemu yenyewe. Usichukue za mtandaoni za wazungu wanapeana mikono.
- Hela ya miaka miwili, sio mwaka mmoja. Domeini ya .com inacheza kwenye dola 10 mpaka 20 kwa mwaka, hostingi inategemea unakonunua. Mwenye biashara asipokuwa na hela ya mwaka wa pili, mwambie ukweli kwamba ukurasa wa Instagram na WhatsApp Business vitamfaa zaidi, na hutapoteza mteja kwa kumwambia hivyo.

## Hatua ya 1: Andika kwenye karatasi mteja anataka kujua nini

Kurasa nne zinatosha: mwanzo, huduma na bei, tulipo, mawasiliano. Mtu aliyeshuka kwenye basi saa 3 usiku anatafuta gesti hana habari na dira yenu wala dhamira yenu, anataka kujua chumba shilingi ngapi, kuna maji, na bodaboda amwambie ampeleke wapi.

Chukua kaunta buku uandike majibu ya maswali haya kama unavyomjibu mtu kwenye simu: mnauza nini, bei gani, mko wapi (taja kituo, taja kitu kinachoonekana, "mkabala na sheli" inasaidia kuliko jina la mtaa), mnafungua saa ngapi, nawapataje. Andika na saa kwa ufasaha maana "tunafungua saa 2" kuna mgeni atafika saa nane mchana, weka "saa 2 asubuhi".

Kwanini karatasi kwanza? Kwa sababu ukianza na muonekano utakaa wiki tatu unachagua rangi na mwisho unaweka maneno ya kujazia, na yale maneno ya kujazia hayaondoki kamwe. Nimeona tovuti ya shule ina sehemu ya "ujumbe wa mkuu wa shule" iliyojaa maneno ya Kilatini yaliyokuja na thimu (muonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari), miaka minne yamekaa pale na kila mzazi anayaona.

Utajua umefanikiwa: mtu ambaye hajui biashara hiyo akisoma karatasi yako tu anaweza kufika dukani bila kupiga simu.

## Hatua ya 2: Nunua domeini kwa jina la mwenye mali

Hapa ndo maiti nyingi zinapatikana, ntakaa kidogo.

Domeini ni jina tu, jinalako.co.tz au jinalako.com. Huinunui moja kwa moja, unaikodi kwa mwaka mmoja mmoja, na aliyeandikishwa kwenye akaunti ya msajili (kampuni inayokuuzia domeini) ndo mwenye nayo machoni pa mfumo. Haijalishi nani alitoa hela. Haijalishi mmeandikiana nini kwenye WhatsApp. Ikisomeka imeili ya fundi, ni ya fundi.

Nilishaitwa na gesti moja ya pwani ambayo jina lake lilikuwa limechapishwa kwenye kibao cha barabarani, kwenye kadi, kwenye fulana za wafanyakazi, na domeini ikawa imekufa. Fundi wa kwanza aliisajili kwa imeili yake ya chuo, akamaliza chuo, imeili ikafungwa, na tahadhari zote za kulipia zikawa zinaenda kwenye imeili ambayo haipo. Tulikuja kushtuka jina limeshachukuliwa na mtu mwingine. Wakabadilisha jina wao, na kibao, na fulana.

Sasa fanya hivi:

1. Fungua akaunti kwa msajili ukitumia imeili ya biashara na laini ya biashara. Mwenye biashara awe amekaa pembeni yako, codi ije kwenye simu yake.
2. Chagua mwisho unaoendana na kazi yako. Kwa Tanzania .co.tz ni ya biashara, .or.tz ya taasisi, .sc.tz ya shule. Kwa Kenya ni .co.ke, .or.ke na .sc.ke vilevile. Ukichukua na .com ya jina hilo hilo sio vibaya ila sio lazima.
3. Lipia miaka miwili kama inawezekana.
4. Washa malipo ya kujirudia yenyewe, lakini usiyaamini. Kadi nyingi tunazotumia zinakuwa hazina salio siku hiyo, na za muda zinakuwa zimekufa kabisa.
5. Kwenye kaunta buku, ukurasa wa kwanza: jina la domeini, umenunua kwa nani, imeili ya akaunti, tarehe ya kuisha. Alafu kwenye simu ya mwenye biashara weka kikumbusho siku 45 kabla na kingine siku 14 kabla. Kwenye simu yake, sio yako.

Ikitokea .com imeisha muda usipaniki saa hiyo hiyo. Kawaida msajili anakupa muda wa neema unaoweza kufika mpaka siku 45, ukilipa humo unarudishiwa kwa bei ya kawaida. Ukipita huo kuna siku 30 za kuikomboa, na hapo faini inauma kweli. Baada ya hapo siku 5 za kufutwa, alafu inarudi sokoni na kuna watu kazi yao ni kuzisubiri tu. Msajili mwingine neema yake ni fupi sana, na za nchi kama .tz na .ke zina utaratibu wake, kwa hiyo uliza siku unanunua, usisubiri siku ya msiba.

Utajua umefanikiwa: bonyeza "nimesahau paswedi" kwenye akaunti ya msajili. Linki ya kubadilisha ikiingia kwenye imeili ya biashara na mwenye biashara akaifungua mwenyewe, domeini ni yake. Isipoingia huko, bado sio yake.

## Hatua ya 3: Hostingi, na usiifunge kamba moja na domeini

Hostingi ni chumba ambacho faili zako zinakaa. Wauzaji wengi wanakuwekea pamoja, "domeini bure ukinunua hostingi", na inavutia. Shida ni kwamba siku mkigombana nao, au wakifunga biashara, vyote viwili viko mikononi mwao. Mimi nanunua sehemu mbili tofauti kisha naviunganisha, ni nusu saa ya usumbufu mara moja.

Kabla ya kulipa waulize maswali manne kwa WhatsApp, na uangalie wanajibu baada ya muda gani, maana ndo huduma utakayoipata siku umekwama:

- Mna PHP (lugha inayoendesha WordPress) toleo la ngapi? Wakikwambia wanaishia 7.4, ondoka, hiyo iliacha kutunzwa tangu Novemba 2022.
- Kufuli la https (lile linaloonyesha kwenye brauza kwamba tovuti ni salama) ni bure? Jibu liwe ndio. Cheti cha Let's Encrypt, kinacholeta kufuli hilo, hakiuzwi, anayekuuzia anakuuzia hewa.
- Bakapu (nakala ya akiba) mnafanya mara ngapi, na nikitaka kurudisha nalipia?
- Nikitaka kuhama mtanipa faili zote na hifadhidata (sehemu ambayo maandishi ya tovuti yanahifadhiwa)?

Neno "bila kikomo" lipuuze. Kikomo kipo, kimeandikwa chini kwa herufi ndogo, kawaida ni idadi ya faili.

Ukishanunua, watakupa majina mawili ya neimu sava (ndo yanayoelekeza domeini kwenye hostingi yako). Yapeleke kwenye akaunti ya domeini, uyabandike pale, kisha subiri. Inaweza kuchukua saa moja, inaweza kufika saa 48. Kwenye simu yako inaweza kufunguka na kwa jirani ikagoma, hiyo ni kawaida. Usianze kubadilisha badilisha, unazidi kuchelewesha.

## Hatua ya 4: Weka kufuli kabla ya kitu kingine chochote

Tangu Julai 2018 Chrome inamwandikia mtu wazi kwamba tovuti isiyo na https sio salama. Mteja akiona hivyo anafikiri ni matapeli.

Kwenye cPanel (ukurasa wa kuendeshea hostingi) nyingi cheti kinajiweka chenyewe domeini ikishafika. Cheti cha Let's Encrypt kinadumu siku 90 au pungufu na kinatakiwa kujihuisha chenyewe, kwa hiyo ukiona kufuli limepotea baada ya miezi mitatu ujue kujihuisha kumegoma, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu amegusa mpangilio wa DNS (rekodi zinazoelekeza domeini iende wapi).

Fanya hii mapema, kwa sababu ukijenga tovuti nzima kwenye http alafu uhamie https baadaye, picha zitabaki zinaitwa kwa anwani ya zamani na kufuli litakataa kukaa vizuri hata cheti kikiwepo.

Utajua umefanikiwa: andika anwani bila kuweka https mbele, bila www, alafu na www. Zote ziishie sehemu moja, na kufuli liwepo.

## Hatua ya 5: Amua kati ya WordPress na kurasa tupu

Watu watanipinga hapa, na wapinge. Kama kurasa zako nne zitabadilika mara mbili kwa mwaka, huhitaji WordPress. Andika kurasa tupu za HTML, au lipia mtu akuandikie. Hazina hifadhidata, hazina plagini (programu ndogo za kuongezea), hazina ukurasa wa kuingilia ambao roboti zitagonga usiku kucha. Nina tovuti moja ya fundi seremala ya hivyo, niliipandisha nikaiacha, kazi yangu kwake kila mwaka ni kuongeza bei za milango.

Chukua WordPress kama mwenye biashara atabadilisha vitu mwenyewe: bei, matangazo, nafasi za wanafunzi. Na ukiichukua, sheria ni hizi:

- Jina la kuingilia lisiwe admin. Roboti zinaanza na hilo.
- Imeili ya msimamizi iwe ya biashara na iwe inafanya kazi. Kitu kikivunjika vibaya WordPress inatuma kwenye imeili hiyo linki ya kuingilia kwa dharura, na hiyo linki itakuokoa siku moja.
- Plagini zisizidi sita au saba. Kila plagini ni mlango, na kila mlango unataka mlinzi.
- Kamwe usiweke thimu au plagini ya kulipia uliyoipata bure kwenye Telegram. Aliyeivunja leseni hakufanya kwa sadaka. Ndani kuna kamstari ka kuingilia, na kanakaa kimya wiki kadhaa kabla hakajaanza kazi. Za bure halali ziko tele kwenye ghala rasmi la WordPress.

Thimu chagua nyepesi, isiyo na picha zinazotembea. Utafungua kwenye simu ya bei rahisi ya mtu, sio kwenye laptopu yako.

## Hatua ya 6: Punguza picha

Hebu tupige hesabu. Picha moja iliyopigwa na simu ya kisasa ni kama MB 4. Umeweka kumi na mbili ukurasa wa mbele, hiyo ni MB 48. Mtu mwenye bando la GB 1 akiifungua tovuti yako kama mara ishirini na moja bando limekwisha, na hajaangalia hata video moja. Hawezi kujua ni wewe, ataona tu "inasumbua" atafunga.

Na skrini yake haionyeshi hata robo ya picha hiyo. Upana wa pikseli 1200 unatosha kwa picha kubwa, 600 kwa zile ndogo. Fungua Squoosh kwenye brauza, ni bure na haihitaji kusajiliwa, vuta picha uiweke humo, badilisha upana, chagua WebP (aina nyepesi ya faili la picha), ubora weka 70 hadi 75. MB 4 inashuka mpaka KB 150 hivi. Zile kumi na mbili zote zinakuwa chini ya MB 2.

Kisha lipe faili jina la maana kabla ya kupandisha. Sio IMG_20240311, andika chumba-cha-watu-wawili.webp.

Punguza kabla ya kupandisha. Ukiipandisha kubwa ukitegemea plagini iipunguze, ile kubwa mara nyingi inabaki inakula nafasi kwenye hostingi na kila bakapu inaibeba.

Utajua umefanikiwa: zima Wi-Fi, weka simu kwenye 3G, fungua tovuti ukiwa umesimama nje. Kama maandishi na bei vimeonekana kabla hujahesabu tano polepole, umefaulu.

## Hatua ya 7: Mawasiliano yafike kweli

Mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi aliniambia mwezi wa pili, mbele ya watu, "Kijana, hii tovuti yako haileti mzazi hata mmoja." Nikafungua sehemu ambayo ile fomu ya mawasiliano inahifadhi nakala. Maombi 14 yalikuwa yamelala humo tangu Novemba, watu wanaulizia darasa la kwanza. Fomu ilikuwa inafanya kazi, imeili ndo zilikuwa hazifiki. Mimi nilijaribu siku ya kwanza, ikafika, nikaondoka. Hela yote ya ada ile sijui ilienda shule gani.

Sababu ni kwamba WordPress ikiachwa ilivyo inatuma imeili kwa njia ambayo Gmail haiiamini, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi, anayetuma lazima awe na uthibitisho kwenye DNS. Dawa yake:

1. Kwenye hostingi fungua imeili ya domeini yako, mfano info@jinalako.co.tz.
2. Weka plagini ya SMTP, WP Mail SMTP kwa mfano, uipe paswedi ya imeili hiyo ili fomu itume kupitia humo.
3. Ingia cPanel, sehemu ya Email Deliverability, hakikisha SPF na DKIM (rekodi zinazothibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli) zote ziko kijani. Zikiwa nyekundu kuna kitufe cha kurekebisha. Angalizo: rekodi ya SPF inatakiwa moja tu kwa domeini. Ukikuta mbili, zote zinakuwa kama hazipo, ziunganishe.
4. Tuma meseji ya majaribio kwenda mail-tester.com, inakupa alama kati ya kumi. Ukipata chini ya 8 rudi namba 3 hapo juu.

Ila ukweli ni kwamba mteja wetu hapendi fomu. Weka kitufe cha WhatsApp kikubwa, cha kijani, chini ya kila ukurasa. Linki yake ni wa.me/ kisha namba ikianza na 255 au 254, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Nusu ya vitufe vilivyokufa ninavyoona kosa ni hiyo sifuri. Mwishoni ongeza ?text=Habari ili mtu akigusa akute ameshaanziwa salamu.

Namba ya simu nayo iwe ya kugusa ikapiga, isiwe imechorwa ndani ya picha.

## Hatua ya 8: Google ikuone

Hii ni fupi. Ndani ya WordPress nenda Settings, alafu Reading. Chini kabisa kuna kiboksi cha kuzuia injini za utafutaji. Mafundi wanakitiki wakati wa kujenga na wanasahau. Kiondoe. Nimeshaona tovuti imekaa mwaka na nusu na hicho kitiki, mwenye nayo analalamika Google inamchukia.

Kisha jisajili Search Console (huduma ya Google ya kufuatilia tovuti yako) kwa imeili ya biashara, bandika anwani ya ramani ya tovuti, ambayo kwa WordPress ni jinalako.co.tz/wp-sitemap.xml. Na weka biashara kwenye Google Maps, kwa duka la mtaani hiyo italeta watu wengi kuliko tovuti yenyewe.

## Hatua ya 9: Bakapu, na uirudishe kweli

Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Nilijifunza hivyo baada ya kuwa na bakapu za miezi nane mfululizo, nimejipanga najiona bingwa, siku ya siku nafungua nakuta ni faili za picha tu, hifadhidata haimo. Maandishi yote, bei zote, matangazo, hamna. Nikakaa usiku mzima natafuta vipande vyake kwenye kumbukumbu za Google.

Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili: faili na hifadhidata. Bila moja, nyingine haina kazi.

1. Weka UpdraftPlus, plagini ya bakapu. Ipangie faili mara moja kwa wiki, hifadhidata kila siku au kila wiki kulingana na unavyobadilisha.
2. Iunganishe na Google Drive ya biashara. Usiache bakapu kwenye hostingi ile ile, hostingi ikiungua inaungua nayo.
3. Kila mwanzo wa mwezi shusha nakala moja iende kwenye flashi. Flashi ikae dukani kwenye droo, na tarehe iandikwe kwenye kaunta buku.
4. Mara mbili kwa mwaka rudisha. Tengeneza anwani ndogo, mfano jaribio.jinalako.co.tz, weka WordPress tupu humo, rudisha bakapu. Ili isije ikaonekana Google, iwekee paswedi ya folda. Anwani isipobadilika yenyewe utahitaji kuibadilisha kwenye hifadhidata, lakini hata ukiona tu kwamba maandishi yote yamo umeshajua bakapu ni nzima. Ukimaliza futa.

## Hatua ya 10: Siku ya matunzo

Chagua siku moja kwa mwezi. Mimi ni Jumanne ya kwanza, saa 4 asubuhi. Usiguse Ijumaa jioni, kitu kikigoma hostingi watakujibu Jumatatu.

Utaratibu ni huu, na usiuvuruge:

1. Chukua bakapu kwanza.
2. Apdeti plagini moja moja. Baada ya kila moja fungua ukurasa wa mbele kwa dirisha la faragha. Ukiziapdeti zote kwa mpigo kisha ikavunjika, hutajua ni ipi.
3. Apdeti thimu, mwisho WordPress yenyewe.
4. Jaza fomu, uone imefika. Gusa kitufe cha WhatsApp.
5. Andika kwenye Google site:jinalako.co.tz. Ukiona kurasa za Kijapani, za dawa au za kamari ambazo hukuziandika, umeshavamiwa, hata kama ukurasa wa mbele unaonekana mzima.
6. Futa plagini usizotumia. Kuizima haitoshi, ifute.
7. Andika tarehe na saini kwenye kaunta buku.

Dakika ishirini. Siku zilizobaki acha UptimeRobot ikulindie, inacheki kila dakika chache na tovuti ikizima inakutumia imeili. Mteja asiwe wa kwanza kukwambia.

## Hatua ya 11: Ikivunjika

Skrini nyeupe au kosa la 500 baada ya apdeti. Ingia kwenye File Manager ya hostingi, folda ya wp-content, badilisha jina la folda ya plugins liwe plugins_zima. Tovuti ikirudi, tatizo ni plagini. Fungua orodha ya plagini mara moja ndani ya WordPress, rudisha jina la folda, alafu washa moja moja mpaka umkamate.

Inasema haiwezi kuunganishwa na hifadhidata. Fungua wp-config.php, linganisha jina la hifadhidata, mtumiaji na paswedi na vilivyoko cPanel. Vikiwa sawa, hostingi ndo imezidiwa au imekufungia, wapigie.

Umevamiwa. Usianze kufuta faili moja moja, utamaliza wiki na mlango utabaki. Rudisha bakapu ya kabla ya tarehe hiyo, apdeti kila kitu, badilisha paswedi zote pamoja na ya cPanel na ya hifadhidata, angalia orodha ya watumiaji ufute usiowajua. Pitia folda ya uploads: humo zinakaa picha na PDF, ukikuta faili ya .php yenye jina la ajabu ndo mgeni wako huyo.

Inafunguka kwa wengine, kwako haifunguki. Hostingi inaweza kuwa imeizuia IP (anwani ya mtandao) yako baada ya kukosea paswedi mara nyingi. Jaribu na data ya mtandao mwingine kabla ya kulia.

## Hatua ya 12: Kabidhi kaunta buku

Daftari la karatasi linahitajika kwa sababu siku tovuti imekufa, kile kilichoandikwa ndani ya tovuti nacho hakipo, na simu ya fundi haipokelewi. Paswedi zenyewe sizitaki humo, hizo ziweke kwenye programu ya kutunzia paswedi ya simu ya mwenye biashara. Kwenye daftari andika ramani: domeini iko kwa nani na inaisha lini, hostingi iko kwa nani, imeili ipi ya kuingilia, bakapu ziko wapi, namba ya huduma kwa wateja, na kila Jumanne ya matunzo.

Usikabidhi kwa maneno. Kaa pembeni, mikono mfukoni, mwenye biashara afanye mwenyewe mambo matatu bila kumwelekeza: aingie kwenye akaunti ya domeini aone tarehe ya kuisha, abadilishe bei moja, ashushe bakapu. Akikwama andika pale alipokwama, kwa lugha yake, kwenye ukurasa wa mwisho.

Mama mmoja wa duka la vipodozi alichukua saa nzima. Paswedi alikosea mara tatu, miwani ikatafutwa, wateja wawili wakahudumiwa katikati. Mwisho akafungua ukurasa wa bei, akabadilisha mafuta ya nywele kutoka 8,000 kwenda 8,500, akabonyeza, kisha akachukua simu ya binti yake kuhakikisha kama huko nako imebadilika. Ilikuwa imebadilika. Akachukua kaunta buku akaliingiza kwenye droo ya hela, juu yake akaweka daftari la madeni.